Golikipa wa Koboko

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mafunzo ya uandishi wa habari kwa simu yameanza, hapa Arua. Nilidhani najua simu! Kumbe kila nilichowahi kurekodi kimesimama wima kama mlingoti. Madam Sharifah, mwalimu wetu, anasema: laza simu, futa vumbi kwenye kamera, zima laini. Sikuzima. Mama akapiga katikati ya mahojiano ya majaribio kuuliza kama nimekula. Darasa zima likamjibu.

Timu yangu: mimi, Jada na Elise. Jada aliletwa na wazazi kutoka Sudan Kusini akiwa mdogo. Mkono wake hautikisiki, atashika kamera. Elise anatoka Aru, ng'ambo ya mpaka, atahariri. Mimi nitauliza maswali — kwa sababu, wanasema, sinyamazi.

Jumatano, 16 Julai
Koboko. Timu ya mpira ya wanawake, wenyeji na wakimbizi pamoja. Tulimtaka golikipa, Betty, ambaye wenzake humwita Mama Soro. Watoto wanne, na anaruka kama paka.

Maswali yangu marefu. Majibu yake: ndiyo, hapana. Elise akanikanyaga mguu. Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu hadi nikaona aibu — ndipo Betty akaanza mwenyewe.

"Bwana yangu hajui mimi nacheza. Yeye najua mimi iko kwa kwaya. Vidole ikivimba, nasema ni mchi ya muhogo."

Akacheka mpaka akakaa chini. Sote tukacheka. Nilimuuliza kama tunaweza kuitumia. Tumieni tu, akasema.

Alhamisi, 17 Julai
Elise ameihariri vizuri mno. Fupi, na ule mchi katikati. Jumamosi itaonyeshwa mbele ya watu wa redio, kisha iende mtandaoni. Madam Sharifah alitazama, akacheka, akauliza, "Mumewe ana simu?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza.

Jada anasema Betty alikubali kwa mdomo wake. Elise: "Mutu akikubali akiwa anacheka, bado hajafikiri." Jada kanuna. Sehemu ile ikiondolewa, anasema, inabaki mechi tu. Kweli. Na mimi naitaka, sitajidanganya — hii ndiyo kazi yangu ya kwanza nzuri. Lakini nikampigia Betty.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu: "Hata mimi nasahau. Yengi iko na WhatsApp."

Yengi ndiye mumewe. Betty anaomba tungoje; atamwambia mwenyewe kabla ya mechi ya Jumapili. Nilimuuliza anaogopa nini. Si kipigo, akasema. Yengi hajawahi kumpiga. Anaogopa kuambiwa aache.

Jumamosi, 19 Julai
Timu nyingine zimeonyesha kazi zao. Yetu tumeizuia; sisi tulipiga makofi tu. Ile ya malori ya mpakani Vurra ilisifiwa sana, na inastahili. Jada alipiga makofi kwa vidole viwili. Baadaye akatununulia rolex za moto, mayai yanachuruzika kwenye chapati, akauliza kesho basi la Koboko linaondoka saa ngapi. Kwa hiyo tumepatana.

Jumapili, 20 Julai
Koboko, mapumziko. Naandika nimekaa kwenye nyasi. Bado sare, hakuna bao.

Amekuja! Mwanamume mrefu, shati la kanisani, nyuma ya goli, mikono kifuani. Betty alinisogelea akinywa maji. Kamwambia Yengi asubuhi. Alijibu nini? "Hakuna. Yeye navaa viatu, nafuata mimi."

Kipindi chote cha kwanza hakupiga kofi hata moja.

Kabla ya mapumziko nilimwendea, nikamwamkia, nikajitambulisha, nikaomba kumrekodi. Akaisogeza simu kando.

"Ngoja kwanza, dada. Mimi naangalia."

Jada ameshusha kamera. Tunangoja.

Kipindi cha pili. Wapinzani wanakuja mbio upande wetu, watatu, na beki wetu ameanguka. Betty anatoka golini — Yengi amefungua mikono, yuko kwenye mstari kabisa, refa anampungia arudi nyuma, hasikii, anapaza sauti —

"Kushoto, Mama Soro! Kushoto!"