Udongo Shavuni mwa Clement

Dodoma, 4 Februari 2024

Shikamoo Baba. Natumaini mnaendelea vizuri na macho ya Mama hayajazidi kufifia. Mimi mzima.

Picha ya kaka Clement nimeianza. Napaka rangi nene kwa kisu, ili Mama aione kwa vidole: pua, kovu la juu ya jicho. Uso nimeutia buluu na manjano. Ndivyo ninavyomwona tangu shimo la dhahabu limfukie. Usishtuke.

Ule udongo uliochota pale shimoni, nitumie kidogo niuchanganye na rangi.

Na Mama ataambiwa mpaka lini kwamba Clement yuko kazini Tunduru? Naogopa, Baba.

Mwanao, Aneth

Ulemo, 20 Februari 2024

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, ila alizeti imenyauka. Mama yako sasa haoni kabisa.

Udongo nimempa Gasto wa basi. Maiti hatukuipata, basi huo ndio utie, arudi nyumbani.

Ya Mama niachie mimi. Moyo wake hauwezi. Kila jioni anamfunikia Clement ugali, asije akafika na njaa. Akiipapasa picha atatulia.

Baba yako

Dodoma, 17 Machi 2024

Shikamoo Baba. Poleni na ukame. Picha inakuja na Gasto. Udongo nimeutia mashavuni, umeleta ule ukwaru wa ngozi niliokuwa nautafuta. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii, na naona aibu kufurahi.

Mwanao, Aneth

Ulemo, 2 Aprili 2024

Mwanangu, hatujambo kiasi.

Mimi picha sikuipenda. Mtu gani ana uso wa buluu? Lakini Mama yako alipitisha vidole akacheka. "Clement huyu, na kovu lake la jembe." Halafu akafika shavuni. Akasugua, chenga zikambakia kidoleni. Tulisahau, mimi na wewe, kwamba amezaliwa Shelui, kulekule kwenye mashimo ya dhahabu, na amekandika nyumba maisha yake yote.

Akasema, "Huu udongo ni wa mashimo ya kwetu. Na aliye hai hatiwi udongo usoni. Alifukiwa lini?"

Nikamwambia. Miezi minane, Aneth.

Hakulia mbele yangu. Aliagiza kaburi lichimbwe, na Jumamosi tukaizika picha, imeviringishwa kwenye shuka la Clement. Najua ni kazi ya mikono yako. Nisamehe, usiidai.

Jioni hafunikii tena ugali wa Clement. Wangu pia hafunikii.

Baba yako