Kidole Changu Kimemzuia Mdogo Wangu Kwenda kwa Baba

Mshauri mpendwa, naomba msaada, ingawa kwa haki wewe ndiye ungeniomba mimi, maana nina bahati ambayo wengine wanaitafuta kwa kufunga na kukesha. Nimeokoka juzijuzi tu na shule niliiacha njiani, lakini nikifumba macho, nikafungua Biblia popote na kushusha kidole, kinatua penyewe, kwenye neno la mtu aliye mbele yangu, na hakijakosea hata mara moja. Mimi ni kinyozi, na kibanda changu sasa kina foleni mpaka nje, watu wenye vipara wanakuja kunyolewa, nikuulize wanafuata nini kama si kidole. Aliyegombana na mkewe kinamwambia ampende, mvivu kinampeleka akajifunze kwa sisimizi, mlevi ndiyo usiseme. Wananiita Kidole, nami naitika.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mdogo wangu ni fundi friji, mtu mpole, aliokoka akiwa kwenye kiti changu cha kunyolea, na tangu hapo hafanyi jambo bila kuniuliza. Yeye na baba yetu hawasemezani tangu mzee alipokataa kukanyaga kwenye harusi yake, kwa hiyo ni mimi niliyebaki na mzee, ni mimi ninayemnyoa ndevu, ni mimi ninayesikiliza kikohozi chake, na sasa yuko wodini, amekuwa mwepesi kama taulo, na kila nikiingia na chupa ya chai macho yake yanapita juu ya bega langu, ananiuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Nikampelekea mdogo wangu habari, akaja mbio, akakaa kwenye kiti, nikaanza kumnyoa. Tulipofika katikati akasema, "Kaka, niende kwa baba au nisiende? Shusha kidole." Nikashusha, kikatua pale mtu anapoomba ruhusa akamzike baba yake kwanza, Yesu akamwambia amfuate, mambo ya wafu awaachie wafu. Mdogo wangu akainuka, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, akasema, "Basi, kaka. Mungu ameshasema," akarudi kwenye mafriji yake. Mpaka leo anavaa kofia.

Mke wangu aliposikia aliweka mwiko chini, akaniambia, "Baba Mapacha, kidole kikikuwasha kikune, usikifanye nabii." Daktari anasema tusiweke matumaini marefu. Nimembembeleza mdogo wangu aende, ananijibu, "Unataka niasi neno lililotoka mkononi mwako mwenyewe?" Je, mshauri, naweza kushusha kidole mara ya pili ili kifute cha kwanza, au Mungu ataniona kigeugeu?

Ni mimi, Kidole, kinyozi mwenye bahati.

*

Ndugu Kidole, nimecheka, halafu nikamwona yule mzee anavyotazama mlangoni, kicheko kikanikauka. Pole kwa kuuguliwa. Sasa kaa wewe kwenye hicho kiti nikunyoe.

Unaweza kumpitishia mteja wembe umefumba macho? Huthubutu, utaondoka na sikio la mtu. Basi mbona neno la Mungu unalishika kwa namna ambayo hata wembe huushiki? Mstari una majirani, wa juu na wa chini, una msemaji na una aliyeambiwa. Yule mtu alikatazwa kuahirisha kumfuata Yesu, hakuambiwa amnyime mgonjwa uso wake. Ungeendelea na kitabu hichohicho cha Mathayo hadi sura ya kumi na tano, ungemkuta Yesu yuleyule akiwakaripia watu waliojificha nyuma ya mambo ya Mungu wasiwatunze baba na mama zao. Na kule jangwani, Ibilisi naye alikuja na maandiko. Kuwa na mistari si kuwa mwanafunzi, ndugu yangu. Mwanafunzi anamfuata Mwalimu, hata pale Mwalimu anapokwenda asikopenda yeye.

Kidole kiweke mfukoni. Leo hii, kabla hujafungua kibanda, nenda kwa mdogo wako ukamwambie kwa kinywa chako kwamba umempoteza njia. Someni sura nzima, macho wazi, kisha mwende wodini wote wawili. Huko msomeeni mzee habari za baba mwenye wana wawili, katika Luka, sura ya kumi na tano. Wengi hufunga kitabu mdogo mtu akisharudi na sherehe ikianza. Ninyi msifunge, endeleeni mpaka kwa kaka yake. Na hao wateja wako, wakutanishe jioni moja kila wiki na mwalimu wa kanisa lenu, msome kitabu kimoja tangu mwanzo, polepole. Wenye vipara nao wana haki ya kuelewa.

*

Ujumbe wa Kidole, uliotufikia baadaye:

Mshauri, naandika nimesimama, kukaa siwezi kwa furaha. Amekwenda! Alivua kofia mlangoni, mzee akakitazama kichwa kile, akauliza, "Nani kakuonea hivi?" Mdogo wangu akasema, "Kaka." Mzee akacheka mpaka nesi akaja kuangalia. Nikatoa mashine, nikamalizia upande uliobaki palepale kitandani, mzee kamshika mwanawe mkono, hataki kuuachia.

Tukasoma. Ilipofika kwa yule kaka aliyenuna, akabaki nje huku wenzake wanacheza ngoma, mzee hakungoja mwisho. Alinitazama mimi, akapigapiga godoro upande wa pili, akasema, "Na wewe ingia." Nikaingia, mshauri, mtu mzima na ndevu zangu, nikalala pale.

Mdogo wangu nimeshamwambia, sasa nakwambia wewe na wateja wangu wote. Kidole changu hakijawahi kuwa na bahati. Huwa nachungulia. Na mstari ule wa siku ile niliutafuta mwenyewe, kwa macho yote mawili.