Springi ya Bastola ya Bu Rashid

Alhamisi. Doha leo ni unyevu mtupu. Kutoka kwenye basi la kampuni hadi mlango wa karakana, shati limeshanata mgongoni. Lakini nimerudi chumbani kwangu mtaa wa Mansoura moyo ukiwa mwepesi. Nimefanya kazi nzuri, na nalisema hilo bila haya.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni fundi wa silaha kwenye klabu ya kulenga shabaha. Wanachama wanaleta bastola zao, nazifungua, nasafisha, nabadilisha kilichochoka. Tangu bosi wangu arudi kwao, uamuzi wote wa karakana ni wangu.

Bu Rashid ni mzee wa Kiqatari, mwanachama wa miaka mingi. Bastola yake ni ya milimita kumi, ina nguvu kuliko nyingi tulizonazo. Ukifyatua, kile kipande cha juu tunachokiita slaidi kinarudi nyuma kwa kasi, na springi iliyo chini ya mtutu ndiyo inayokipunguza mwendo kisiigonge fremu, yaani mwili wa bastola, kwa nguvu. Nilipoifungua juzi nikakuta fremu imeanza kubonyea pale inapogongwa. Ikiachwa hivyo, itapasuka.

Na bastola ile alizawadiwa na mkewe, ambaye sasa ni marehemu.

"Weka ngumu kuliko zote, Hamisi," aliniambia, akanipa springi aliyojinunulia mwenyewe.

Nilikuwa na shaka, lakini nikaifunga niione ikifanya kazi. Anayenijaribia silaha ni Achieng', dada wa Kisumu anayefundisha wanachama wapya. Alipofyatua, maganda ya risasi yalianguka karibu na miguu yake badala ya kuruka pembeni. Kisha risasi ikakwama. Springi ngumu mno huirudisha slaidi mbele haraka, kabla magazini, kile kikasha cha risasi, haijainua risasi inayofuata ikakaa sawa.

"Fundi, hii slaidi hata kuivuta ni kazi," Achieng' akasema, akitikisa mkono. "Mzee ataiweza aje? Siku hizi ni mimi humjazia. Huniambia ati vidole vyake viko na mafuta."

Nikaichukua bastola kwake, nikaiweka mezani.

Siku zote hizo nilikuwa nawaza chuma tu. Bu Rashid hana mafuta vidoleni. Mikono yake imeishiwa nguvu, na anaona aibu kusema.

Basi nikaanza upya. Nyuma ya slaidi kuna kipande kidogo kinachoishika pini ya kufyatulia. Cha kiwandani kina ukingo wa mviringo upande wa chini. Nikakitoa, nikaweka chenye ukingo wa mraba. Hicho huifanya slaidi ipate taabu kuilaza nyundo, kile kidude cha nyuma kinachoipiga pini, kwa hiyo mwendo wake unapungua tangu mwanzo. Sasa springi haikulazimika kubeba mzigo wote. Nikachagua mpya, ngumu kidogo tu kuliko ya kiwandani. Na ukiivuta nyundo kwanza kwa kidole gumba, ukingo ule haukusumbui. Unabaki kushindana na springi peke yake.

Achieng' akajaribu tena. Maganda yakaruka pembeni, hakuna kilichokwama. Nikaifungua, nikaikagua fremu kwa tochi. Haikuwa na alama mpya.

Leo mchana Bu Rashid akaja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi.

"Springi yako ilikuwa inakwamisha risasi, nimeweka nyingine," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. "Na sasa utaratibu umebadilika. Kabla ya kujaza, vuta nyundo kwanza, ndipo uvute slaidi."

Akaipokea bastola yake. Nikajifanya nafuta meza.

Uwanjani, Achieng' akanyoosha mkono kuipokea bastola kama alivyozoea. Mzee akatikisa kichwa. "La, binti yangu." Akaielekeza kwenye shabaha, akavuta nyundo, akashika slaidi. Akaivuta kwa vidole vyote. Slaidi ikaja yote, ikarudi mbele kwa mlio safi.

Akapiga magazini nzima. Hakuniuliza lolote, wala mimi sikumweleza. Alipomaliza alituagizia karak, chai ya maziwa ya huku, akakaa nasi, akaanza kumsimulia Achieng' jinsi mkewe alivyokuwa akimshinda kulenga.

Je, alielewa kwamba najua habari ya mikono yake? Nadhani alielewa. Jumapili nitaifungua tena bastola ile, na fremu nitaikuta nzima.