Uzi Uliokatika Fainali

Mwenzangu, uko hapo? Nakuandikia nimejifungia stoo.

Unamkumbuka yule mama wa kwenye picha pale klabuni, bingwa wa tenisi enzi za raketi za mbao? Yuko dukani kwangu. Yeye mwenyewe, na mkongojo wake.

Kaleta raketi ya fainali yake ya mwisho. Uzi mmoja wa katikati umekatika. Akasema, "Mwanangu, nibadilishie ngozi ya mpini, imeoza." Ngozi ya mpini. Hilo tu.

Akakaa, akaanza kusimulia. Uzi ule ulikatika kwenye pigo la ushindi, na mpinzani wake akavuka wavu kuja kumkumbatia. Huyo mpinzani kafa juzi. Kesho mama anataka kwenda na raketi hii mazikoni.

Na mimi mkono ushachukua mkasi. Unatujua mafundi wa raketi. Tukiona uzi mmoja umekatika tunakata nyuzi zote, fremu ya mbao isije ikapinda. Miaka kumi na minane nafanya hivyo. Mazoea yana taabu. Nimezikata zote, mwenzangu. Zote. Huku namwitikia, "Enhe, mama, ikawaje?"

Hakupiga kelele. Bora angenitukana.

Kainama na mkongojo wake, kaziokota sakafuni moja moja, kanijazia kiganjani. Kaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, ule wangu ni upi?"

Ninazo hapa mkononi. Zote zimekatika, zote zinafanana. Na yeye bado amekaa kule mbele, ananisubiri nimwonyeshe.