Matundu kwenye majani ya maboga

Jumamosi, Novemba. Kibondo.

Ukungu umelala mpaka saa tatu leo, na baridi ni ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mikono yenyewe inanuka sabuni ya unga na kitu kingine kichungu, ambacho ndiyo harufu ya mbawakawa. Nimeinusa mara kadhaa kwa udadisi tu. Niacheni.

Kwa anayeingia hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa maabara katika kituo cha afya. Nimezaliwa Dar, nikapangiwa kazi Kasulu, nikakaa chumba cha kupanga kisicho na nafasi hata ya kopo la maua. Mwaka huu nimehamishiwa Kibondo na kupata nyumba yenye uwanja, nikapanda maboga. Sijawahi kumiliki kitu kinachoota, kwa hiyo nayapenda kupita kiasi, na nilishawatangazia watu wote kwamba bustani yangu haitaonja sumu.

Wadudu wakasikia.

Ni mbawakawa wadogo, rangi ya chungwa lililoiva. Nilianza na majivu, mvua ikayaosha. Nikatwanga pilipili na kitunguu saumu, nikachanganya na maji ya sabuni, nikapuliza huku upepo ukinirudishia mwenyewe machoni. Wakapumzika kidogo, wakarudi. Kuwaokota mchana nako ni kichekesho, maana ukinyoosha mkono tu wanaruka au wanajiangusha chini. Wiki iliyopita maji yakanifika shingoni. Nikaenda duka la pembejeo nikanunua kichupa cha dawa kali. Muuzaji akanionya nisile majani kwa wiki mbili baada ya kupuliza. Nikaona si tabu, nitakula kabichi ya sokoni. Nikapanga kupuliza leo jioni.

Kilichonichelewesha ni udadisi, si wema.

Nilikuwa nimewafungia wachache kwenye chupa ya jamu pamoja na jani, nione wanakulaje. Mdudu huyu hali ovyo. Kwanza anachora duara kwa meno, taratibu, kama fundi cherehani anayepitisha chaki kwenye kitambaa, ndipo anakula kilichomo ndani ya duara. Ndiyo maana matundu yangu yote ni ya mviringo. Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Halafu jana alfajiri nikawakuta wote ndani ya chupa yao dirishani wamelala, miguu imekunjwa, nikadhani wamekufa. Jua lilipoifikia chupa wakaanza kutembea. Kumbe baridi ya hapa inawalegeza hata wao.

Na kulikuwa na jambo la pili lililonikera. Ncha changa za maboga zilikuwa zinapotea kabisa, na majani mengine yamechumwa mpaka kwenye kikonyo. Hakuna duara. Mdudu gani anakata hivyo? Nikawaza panzi, nikawaza panya.

Basi leo nimetoka kunapambazuka, ndoo ya maji ya sabuni mkononi, nikatafute majibu ya maswali yote mawili.

La kwanza limejibika upesi. Walikuwa juu ya majani wamelegea, unatikisa tu wanadondoka kwenye ndoo.

Jibu la pili nimelikuta limesimama katikati ya bustani yangu, limevaa kitenge na sweta.

Ni Mama Godiliva, jirani yangu wa upande wa pili wa ua wa minyaa, anayelea wajukuu wake. Alikuwa anachuma majani ya maboga na kuyapanga kwenye pindo la kitenge, bila haraka kabisa. "Mwakeye, dokta," akanisalimu, kwa sababu huku kila mfanyakazi wa kituo cha afya ni dokta. Nikaitikia. Ndani nilikuwa nachemka. Nahangaika na vidudu vidogo, kumbe mdudu mkubwa anapita kwenye pengo la ua.

Nikamuuliza, kwa sauti niliyoilainisha kwa nguvu, kama huwa anakuja mara kwa mara. Akasema kila anapokosa mboga, tangu nilipohamia. Hakuona aibu kwa kuwa hakukuwa na la kuonea aibu. Kwao, akanieleza, majani ya mboga hayaombwi kwa jirani. Unachuma ya kula siku hiyo, shina huling'oi. Hapo nikakumbuka maharage na maparachichi ninayoyakuta mlangoni kwangu. Nilikuwa nayapokea kama heshima ya mgeni. Kumbe tunabadilishana muda wote huu, ni mimi tu sikuwa na habari.

Nikatazama alichochuma. Karibu yote yana matundu. Yale mazuri, yasiyo na doa, ameyaacha. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini anachagua mabovu.

"Haya ndiyo mazima," akasema. "Mdudu kala, kaenda zake. Basi na wajukuu watakula. Jani lisilo na tundu naliogopa, huwezi jua limepuliziwa nini."

Nikaiweka ndoo chini.

Tundu la jana halizibiki. Kama ningepuliza leo jioni, kesho asubuhi majani yangekuwa na matundu yaleyale ya mviringo, na sumu juu yake. Angekuja na kitenge chake, akachagua yenye matundu, akawapikia watoto. Na huenda ni mimi ningewatoa damu wale watoto kwenda kuipima.

Sikuweza kunyamaza. Nikamweleza yote, kichupa na jioni ya leo na zile wiki mbili. Hakufoka. Alichukua jani moja, akaligeuza, akachungulia kwenye tundu lake.

"Ego," akasema taratibu, yaani ndiyo kwa Kiha. "Kwa hiyo tundu lingenidanganya."

Tumemaliza kazi pamoja, yeye akitikisa, mimi nikishika ndoo. Tumepatana kwamba wadudu ni wa alfajiri, kabla jua halijawaamsha, na majivu nitarudishia kila mvua ikikatika. Kichupa kinarudi dukani Jumatatu. Wasipokipokea kitakaa kimefungiwa mpaka bwana shamba anielekeze pa kukipeleka. Majani mengine yatatobolewa na nimeshakubali.

Jioni hii ameniletea bakuli la majani hayohayo, yameungwa kwa karanga, na ugali wa muhogo. Nimekula huku nikitafuta matundu. Yakishapikwa hayaonekani tena.

Kuna kitu ameniachia, nacho kinanisumbua kuliko wadudu wote. Asubuhi, alipokuwa anaondoka, alisimama pale kwenye pengo la ua akanigeukia. Kwangu si mahali pekee anapochuma. "Sasa huko kwingine?" akauliza.

Kesho akitoka kanisani tutapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anapuliza nini. Naogopa, sitaficha. Kumuuliza mtu kama ana sumu kwenye mboga zake si swali la kuingia nalo mlangoni, iwe huku iwe Dar. Tangu jioni natafuta namna ya kulianza.

Labda nitawaonyesha kwanza kichupa changu.