Magari Matano kwa Mama

Maruku, Bukoba
Jumanne, 14 Agosti 1990

Kaka yangu Aristides,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye natumaini hujamkana bado. Je, hujambo? Kazi ya reli inakwendaje, na hilo jua la Tabora linakutendea nini wewe uliyekulia kwenye ukungu wa ziwa? Shemeji naye hajambo? Usishtuke, najua kuna shemeji. Najua pia kwamba umenenepa, unacheza drafti kila Jumapili, na ukifungwa unanuna mpaka Jumatatu. Aliyeniambia utamjua hapa mbele, kuwa na subira.

Barua yako ya mwisho tuliipata Februari mwaka jana, wiki tatu baada ya kumzika kaka yetu Ildefons. Uliandika kwamba kila bahasha yenye muhuri wa Bukoba inakuletea kifo, na kwamba tusikuandikie tena mpaka tuwe na habari njema. Mimi nilikuelewa na nilikukasirikia, yote mawili. Basi mke wa Ildefons alipomfuata mumewe hatukukuandikia. Baba mdogo alipokufa hatukukuandikia. Wewe nawe ukanyamaza moja kwa moja, kana kwamba huku hakuna mtu anayesikiliza. Leo nakuandikia kwa sababu habari njema nilikuwa nayo, tena nimeishika kwa mikono miwili, na nitakueleza nilivyoifanya.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mashindano ya magari, kutoka Bukoba mjini hadi Muleba kwa njia ya ziwani. Usicheke. Tangu vita vya Amini watu wamechoka kukutana makaburini tu, kwa hiyo kamati ya michezo ya wafanyakazi ikasema safari hii tukutane kwa furaha. Magari kumi na moja, kila gari timu ya watu wanne. Si mbio za kukimbizana, maana kwa barabara zetu tungezikana siku hiyo hiyo. Kila kituo kina dakika yake ya kufika. Ukiwahi unakatwa alama, ukichelewa unakatwa alama, na waamuzi wamekaa na saa mkononi kama wakwe wanaosubiri mahari. Sharti lingine ni taa za mbele kuwashwa kutwa nzima, ili mwamuzi akuone ukiwa mbali. Na kila timu iwe na rangi yake.

Sisi tulipewa kijani. Rangi ya kijani Bukoba nzima haipo, duka gani litakuwa nayo? Tukakata matawi mabichi tukayafunga mbele ya gari na kwenye vioo vya pembeni. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyafunga, huku naimba. Gari lilikuwa Pijo 404 ya Lwakatare, dereva wa hapa kazini kwetu Maruku, mtu wa kelele lakini mikono yake kwenye usukani ni mitulivu. Rafiki yangu Kokubanza, mwalimu, alikuwa wa kujibu maswali ya vituoni. Fundi alikuwa Uledi, kijana mgeni aliyefika miezi miwili iliyopita. Mimi nilikuwa msoma njia, karatasi ya ramani magotini, na ole wake aliyenibishia.

Kaka, ilikuwa siku nzuri, lazima nikwambie hivyo kabla ya mengine. Kemondo maji yalikuwa yametulia, meli imefunga, wanawake wamejipanga na ndizi. Tulipopanda kilima baada ya Muhutwe ziwa likafunguka lote chini yetu, na kisiwa cha Bumbire kikaonekana mpaka miti yake. Nilitoa kichwa dirishani kama mtoto. Lwakatare aliuliza kama nataka kujitupa, nikamwambia aangalie mbele, alama zetu zilikuwa mikononi mwake.

Hapo ndipo Uledi, aliyekaa nyuma anatafuna kahawa, alisema kwamba ninavyocheka namkumbusha Mhaya mmoja wa karakana ya reli kwao Tabora. Nikamwuliza jina lake. Akasema Aristides. Nikamwuliza ana alama gani. Akasema ana kovu la panga chini ya kidole gumba cha kushoto, ameoa Mnyamwezi, na mwezi wa nne walikula naye futari kwa jirani ingawa yeye ni Mlutheri. Hakumaliza vizuri. Nilipiga yowe, Lwakatare akakanyaga breki akidhani tumegonga mbuzi.

Nililia, nikacheka, nikambusu fundi wa watu ambaye hakujua aelekee wapi. Miezi kumi na minane! Kisha nikatazama saa. Tulikuwa tumewahi kituo cha Muleba kwa dakika ishirini, na ilitubidi kuzimaliza mahali. Na njia panda ya kwetu ilikuwa pale mbele, mita mia mbili. Nikasema tukunje kushoto, tukamtie Mama neno hili sikioni, tunywe maji, tuondoke. Kokubanza alisema kwamba haimo kwenye karatasi. Nikamjibu kwamba karatasi ninaishika mimi.

Kumbe nyuma yetu kulikuwa na magari manne. Yalikuwa yamepotea Muhutwe, na madereva wake walikuwa wameambizana kwamba Eufrazia ni mwenyeji, wamfuate tu. Tulipokunja, yakakunja. Njia yetu unaijua, mashimo na mizizi, hakuna anayeweza kukimbia. Basi tukaingia kijijini magari matano, moja nyuma ya jingine, polepole, taa zimewaka saa saba mchana, matawi mabichi mbele.

Wewe umeshaelewa? Mimi nilikuwa bado. Nilimwona mzee Rugaibula kwenye kibanja chake, nikampungia mkono kwa furaha. Aliweka panga chini, akavua kofia. Nikaona wanawake wawili wanashusha madebe ya maji, wameweka mikono kichwani. Kokubanza ndiye aliyeng'amua kwanza, akamwambia Lwakatare azime taa, azime upesi. Lwakatare hakuelewa naye, akapiga honi ya kusalimia.

Aristides, tangu mwaka juzi gari la mjini haliingii kwetu ila limebeba mtu. Limemleta Ildefons, limewaleta watoto wawili wa Rugaibula, limemleta mwalimu wa kwaya. Watu hawaulizi tena. Wakiona taa mchana na matawi mbele, wanaacha jembe wanafuata. Mpaka tunafika uani nyuma yetu kulikuwa na kijiji kizima, na kilio kimeshapanda.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Alisimama na kisu mkononi, akatazama lile gari la kwanza, la pili, la tatu. Kisha kisu kikaanguka, akafungua kilemba, akakifunga kiunoni, akaanza kukuita. Jina lako, Kaka. Mwana wange Aristides, mwana wange, wamekuleta. Hakuuliza ni nani. Mimi nilikuwa nimeshashuka, namshika mabega, namwambia Mama ni mimi, ni mchezo, hakuna mtu, na alinipita kama nguzo. Akaenda gari kwa gari. La mwisho lilikuwa pikapu iliyofunikwa turubai. Alilivuta turubai lote kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Ndani kulikuwa na matairi na jeki. Akawauliza wale vijana, kwa upole kabisa, wamekuweka wapi.

Nilidhani habari yangu itamponya. Nikamleta Uledi mbele yake, nikamwambia Mama, huyu ametoka Tabora, amemwona, ni mzima, amenenepa. Mungu wangu, nisamehe. Unajua desturi yetu ya kupeleka msiba. Mtu akishafariki mama haambiwi amefariki. Anatumwa mtu baki, mwenye sura ya huruma, aseme mgonjwa ana nafuu, anakula, anawasalimu. Siku ya Ildefons nani alitangulia? Mgeni, akasema ana nafuu. Mama alimsikiliza Uledi mpaka mwisho, akamshukuru kwa kazi ngumu aliyopewa, akakaa chini.

Uledi aliapa, akataja kovu lako, akalia mwenyewe. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kulia, maana nani anataja makovu ya mtu aliye hai? Mama alisema mtoto aliye hai hawezi kunyamaza mwaka na nusu. Alisema wenye Ukimwi, ugonjwa huu tunaouita Juliana, huko mbali wanazikwa upesi bila kurudishwa, na labda tumekuja na matairi kwa sababu tumekosa cha kuleta. Akaingia ndani, akatoa rubugo, gome jipya la kuzikia, limekunjwa vizuri. Alikuwa amelinunua tangu Krismasi, akaliweka chini ya kitanda. Lilikuwa lako.

Mashindano yaliishia pale. Penye kilio huwezi kuwasha gari ukaondoka, basi madereva watano na timu zao walikaa kwenye nyasi za Mama mpaka jioni, na fulana zao za rangi rangi. Waamuzi walisubiri Muleba na saa zao. Lwakatare, yule wa kelele, aliyakata matawi moja moja. Mama ameketi matanga yako. Halimi, hapiki, majirani wanamletea uji.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Kokubanza.

Jioni ile, watu walipopungua, Mama alinivuta karibu, akanishika mashavu yote mawili, akanipapasa mikono kama anayenunua kuku. Akasema ashukuriwe Mungu, huyu ana nyama, huyu nimebakiziwa. Akaniomba niache kazi Maruku nirudi nyumbani, kwa kuwa kati ya watoto watatu nimebaki mimi wa kumfumba macho. Nikamwambia ndiyo, Mama.

Kaka, nilikuwa na mchumba. Aliitwa Mayenga, mfanyabiashara wa samaki kule Bumbire, Msukuma wa watu, mpole. Mwezi wa tatu aliugua akarudi kwao, na mwezi wa nne dada yake Minza alivuka ziwa akanijia hadi ofisini. Hakunizungusha. Alisema kaka yake amekufa kwa Ukimwi, na kwamba kabla ya kufa alimwapisha aniambie. Nikaenda kupimwa damu. Majibu nilipewa Juni, na ni hayo unayoyafikiria. Nilijiandikisha kwenye mashindano kwa sababu nilitaka siku moja ya kutoa kichwa dirishani.

Mama hakukosea kulia. Alikosea jina.

Sina vidonda, nakula, nafanya kazi. Sijui ni mwaka au miaka. Lakini siwezi kurudi kwa Mama kama mtoto aliyebakizwa, halafu nimfanyie alichofanya Ildefons, nimtangulie kaburini. Aliyebakizwa ni wewe. Ulikimbia misiba yetu na sikulaumu tena, hata mimi ningekimbia ningejua pa kwenda. Ila siku zangu zikifika lazima awepo mtu pale uani aliyetoka tumboni mwake, na Mama awe ameshajua kwamba yu hai.

Nisalimie Shemeji, mwambie nimefurahi kumjua hata kwa kusikia. Uledi anakusalimu, anasema utamsamehe. Kokubanza na Lwakatare wanakusalimu bila kukufahamu. Mama hana salamu. Jumapili nilimwambia nitakuandikia barua, akanitazama kwa huruma, akasema wafu hawasomi.

Kwa hiyo usijibu. Ukiandika atasema mwandiko ni wangu. Panda treni mpaka Mwanza, panda meli, shuka Kemondo, na ukifika njia panda usikubali lifti ya mtu yeyote. Uingie kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Eufrazia