Eda Yangu na Boti ya Makame

Jumapili, 8 Septemba

Tangu asubuhi yuko chini ya trela. Kutoka dirisha la jikoni naona miguu yake tu na kopo la grisi. Anapaka beringi za magurudumu. Mwaka jana nilimwambia azipake kabla hatujaivuta boti kwenda Bwejuu, akanijibu nishughulike na wali. Gurudumu likaanza kulia njiani na tukalala Jozani tukingoja fundi. Leo anapaka. Hongera.

Niandike mambo yalivyo, maana sina wa kusema naye. Mwezi uliopita Makame aliniacha. Talaka moja, ufukweni Matemwe, mbele ya wavuvi na wanawake wa mwani. Kosa langu kucheka. Aliishusha boti majini bila kuziba tundu la chini, lile la kutolea maji. Kizibo kilikuwa mfukoni mwake. Boti ikajaa maji huku yeye amesimama ndani, mikono kiunoni, anaamrisha watu. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani. Wengine walicheka pia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mkewe, basi mimi ndiye niliyeachwa.

Sasa nakaa eda, nyumbani kwake Mbweni, kama sharia inavyotaka. Mimi chumbani, yeye chumba cha uani. Hatusemezani. Boti iko katikati.

Jumatano, 11 Septemba

Foum amekuja kumsaidia kufunga winchi mpya. Ndiye rafiki yake pekee anayemvumilia. Walifungua boliti na midomo pamoja, wakasahau kuwa dirisha lina mtu.

Foum: "Bwana wee, mrejee mkeo. Nyumba imepoa hii."

Makame: "Nna haraka gani? Eda miezi mitatu. Katikati ya Novemba, siku ya mwisho, ntamrejea. Kwanza ashike adabu."

Ashike adabu. Nilikuwa nachambua mchele. Nimeumwaga wote.

Talaka moja ni hivi. Maadamu eda haijesha, mume akisema "nimekurejea", basi nimerejea. Haniulizi. Eda ikisha, hana neno tena. Akinitaka itabidi aje kuposa kama mwanamume mwingine yeyote, na mimi niwe na kauli.

Na eda yangu si miezi mitatu. Hiyo ni ya mwanamke aliyekoma hedhi. Mimi nina miaka arobaini na moja, sijakoma. Yangu inakwenda kwa tohara, ule usafi baina ya hedhi na hedhi. Nikiingia hedhini mara ya tatu tangu siku ile ya Matemwe, nimemaliza, na hiyo ni katikati ya Oktoba. Nilisomeshwa haya chuoni, kwenye Kurani, na leo nimempigia simu Ustadha wangu wa huko kuhakikisha. Kauli ni yangu mwenyewe, hakuna mwengine anayejua mwili wangu. Makame anategemea hesabu za barazani. Na aendelee kuzitegemea.

Simtaki. Nataka eda iishe kabla hajafungua mdomo. Hilo tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Ya pili imeingia. Bado moja. Nimefua, nimeanika ndani.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo amewasha mashine ya boti ndani ya pipa la maji, chini ya dirisha langu hasa. Uwanja mzima wa kuchagua. Moshi umeingia mpaka kwenye mito. Nilifunga dirisha kwa kishindo, naye akaongeza mafuta.

Saa moja baadaye akaja akasimama mlango wa jikoni. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Hajawahi kufika hapo tangu Agosti. Amesimama tu, ananitazama. Mdomo ukafunguka. Nikajua ndiyo hilo, linakuja, nimekwisha. Nikakuna kwa nguvu mpaka nikajichuna kidole.

"Chumvi iko wapi?"

Miaka kumi na moja chumvi iko kwenye kopo lile lile. Nilimwonesha kwa kidevu. Akachukua, akaenda zake. Moyo haukutulia mpaka adhana ya adhuhuri. Namchukia kwa kunitia hofu kwenye jiko langu mwenyewe.

Ubaya ni kwamba boti naipenda. Hatukujaaliwa mtoto. Tulikuwa na Ijumaa jioni, trela nyuma, Kiwengwa au Matemwe. Yeye kwenye sukani, mimi nyuma kwenye maji ya magoti namwelekeza arudi vipi. Tukishakuwa majini alikuwa mtu mwengine. Ananifungia chambo, ananisimulia mambo, anacheka. Tukirudi nchi kavu anavaa uso wake wa kawaida kabla hata mikanda haijakazwa. Nimeishi kwa Ijumaa miaka kumi na moja. Hazitoshi.

Jumapili, 6 Oktoba

Amekuja Bi Tatu, mama yake. Nimempa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yameshafika chumbani. Ameleta mikate ya ufuta. Huyu si Makame. Amezaa saba, ameachwa mara mbili, hesabu anazijua.

Adhuhuri ilipoadhiniwa akasema, "Nenda kasali mwanangu, mimi ntakungoja." Akakaa mahali anapouona mswala, maana aliye hedhini hasali. Nikasali. Nikarefusha sijida makusudi. Nilipotoa salamu nikaona vidole vyake vinacheza chini ya buibui, anahesabu.

Akatoka uani. Makame alikuwa anapima mikanda ya kufungia boti.

"Sema leo, baba. Usingoje."

"Mama, nshakwambia. Miezi mitatu, kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Mkeo hahesabiwi kwa kalenda."

"Mambo ya nyumba yangu niachie mwenyewe."

Bi Tatu akaondoka bila kunywa chai. Nilimwonea huruma kidogo tu. Kiburi cha Makame kimenitesa miaka yote hii, leo ndiyo kwanza kimenifaa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wanakwenda Matemwe, yeye na Foum, siku kadhaa. Maji yanakuja makubwa. Baada ya sala ya Ijumaa wakaifunga trela nyuma ya gari, wakaunganisha waya wa taa, wakafunga minyororo. Halafu wakashindwa kutoka getini.

Kichochoro chetu ni chembamba. Gari likitoka na kukata kona, trela linakatisha ndani na kula nguzo. Lazima mtu asimame upande asiouona dereva. Mtu huyo siku zote nilikuwa mimi. Foum anapiga makelele tu, njoo njoo njoo, mpaka taa ya nyuma ikapasuka ukutani. Makame akashuka akamtukana Foum. Akamtukana jirani aliyejenga ukuta. Akarudi ndani ya gari, akakwaruza upande wa pili.

"Rukia!"

"Naam." Ulimi ulijibu wenyewe, mjinga.

"Njoo unielekeze."

Nilisimama kizingitini nikapiga hesabu. Nikikataa, safari imevunjika. Atabaki hapa na hasira zake, mama yake atarudi, na mmoja wao atalitoa lile neno. Nikikubali, huenda akalainika akalitoa hapo hapo. Nikaona bora aondoke. Nikajitanda kanga, nikaenda kusimama kwenye nguzo.

"Nenda. Nenda. Kata kulia. Basi! Rudi kidogo. Shoto sasa. Nenda. Nenda. Nyoosha."

Trela likatoka safi. Foum akapiga makofi, kama mtoto wa skuli. Makame akatoa kichwa dirishani akanitazama. Uso ulikuwa ule wa majini. Nilikuwa sijauona tangu Agosti na ulinichoma. Mdomo ukaanza.

"Mikanda ya nyuma imelegea," nikasema. "Umeifunga vibaya."

Uso ukafunga. Akashuka, akaikaza huku anasonya, akaondoka bila kuaga. Namjua mtu wangu. Nilibaki kichochoroni mpaka sauti ya gari ikapotea.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku mbaya. Neno lile halihitaji mimi niwepo. Akilisema ndani ya boti, mbele ya Foum, limepita. Huenda ameshasema. Huenda mimi ni mkewe sasa hivi na sijui, nafagia tu.

Amepiga simu mara mbili. Nimeifunika kwa mto. Akaandika: Tumepata changu wengi na kolekole mmoja mkubwa. Basi. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kilichojificha ndani yake. Hakuna kitu. Kolekole tu.

Sijala.

Jumanne, 15 Oktoba

Imeingia. Kabla ya alfajiri.

Nilikaa sakafuni mwa choo nikacheka, halafu nikaogopa kucheka. Kulipopambazuka nikampigia Ustadha. Akaniuliza maswali yake, nikajibu. "Eda yako imekwisha, mwanangu." Nikampigia Mama. Akasema, "Njoo nyumbani."

Nitakwenda. Ila kwanza nataka kumuuliza Makame uso kwa uso kama alilisema kabla ya leo. Sitaki kuishi na shaka. Ami Suleiman, ndugu wa marehemu baba, amekuja kukaa nami mpaka arudi. Amekaa ukumbini anasoma gazeti la zamani. Namshukuru.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amerudi saa nne asubuhi, honi tangu mwanzo wa kichochoro. Ameivuta boti mpaka getini akaiacha nje. Bi Tatu alikuwa naye garini. Amempitia njiani, anataka mashahidi. Foum akashusha sanduku la samaki. Makame amevaa shati safi juu ya suruali yenye magamba.

Akasimama getini akakohoa.

"Rukia. Mbele ya mama na Foum. Nimekurejea."

Alikuwa anatabasamu. Kumbe hakungoja Novemba. Sijui huko baharini kilimpata nini na sitaki kujua.

Ami akasimama nyuma yangu. Nikauliza, "Umepata kulisema neno hilo kabla ya leo? Baharini, kwenye simu, popote?"

Bi Tatu akafumba macho. Yeye alishaelewa. Makame naye akaanza kuelewa, nilimwona. Angesema ndiyo, jambo limekwisha, ningeyafungua mabegi niliyokwisha kuyafunga. Foum angeshuhudia chochote alichoambiwa. Makame akautazama mkono wake.

"Sijasema. Nilitaka nseme hapa, nyumbani."

Mengi utamsema, si mwongo.

"Basi umechelewa. Eda yangu imekwisha Jumanne."

"Miezi mitatu bado..."

"Nyamaza, Makame," mama yake akasema. "Nlikwambia. Kauli ni yake." Akanigeukia. "Utaapa?"

Nikaapa. Bi Tatu akakaa juu ya chuma cha trela akaanza kulia, si kwa ajili yangu. Makame akaupiga teke mlango wa gari lake. Akasema mimi ni nyoka, nimemtegea, nilimtoa getini kwa mkono wangu nikijua. Kweli. Nilijua. Nikamwambia na yeye alijua ninaishi vipi humu ndani akataka nishike adabu. Ami akanishika bega. Tukaondoka. Samaki wamebaki juani.

Furaha nilikuwa nayo njiani mpaka Kilimani. Halafu ikaisha.

Jumapili, 27 Oktoba

Malindi, kwa Mama. Ghorofa ya pili, ngazi za kuvunja miguu, harufu ya bandari. Nalala kitanda nilicholala nikiwa mwari.

Leo wamekuja wazee wawili wa upande wa Makame. Posa. Makame Haji anamposa Rukia binti Ali, upya, kama hatujawahi kuonana. Mama amewapa kahawa na uso wa jiwe. Ami akapanda kuniuliza. Nikimtaka nitaje mahari, ni haki yangu, lolote. Nisipomtaka niseme hapana, ateremke awaambie, biashara imekwisha.

Hapana ilikuwa mdomoni. Nimeikalia tangu Septemba.

"Mwambie nataka boti," nikasema. "Na mashine yake na trela lake. Iandikwe jina langu."

Ami akacheka. Akanitazama, akaacha kucheka, akateremka.

Nimejiambia nimesema vile kumkomoa. Nataka aone kitu anachokipenda kinavyokwenda. Nimejiambia hivyo mara kadhaa tangu magharibi.

Jumamosi, 2 Novemba

Ami amekuja baada ya alasiri. Nilimsikia ngazini. Alipanda polepole mno, nikajua kabla hajafika juu.

Makame anasema nitaje kitu kingine chochote. Dhahabu yuko tayari. Kiwanja chake cha Fuoni yuko tayari. Boti haiwezekani.

Ami akaniuliza nitaje nini badala yake. Nikamwambia sitaji. Awaambie hapana. Hakunibishia. Alikunywa maji, akamsalimu Mama, akaenda zake.

Nilitaka akubali. Naandika mara hii moja tu. Wiki nzima nimekuwa nikisikiliza ngazi, mchana na usiku, na nilitaka akubali.

Mama ameita. Amepakua na wali unapoa. Nakwenda kula.